SOMO: KALAMU MKONONI MWA BINTI

Ama baad. Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa wazee wetu wengi wa mwambao walikuwa na kauli moja juu ya binti: asome Kurani, wala asifundishwe kuandika. Wakiulizwa sababu hujibu: akijua khati atawaandikia wanaume barua. Mtoto wa kiume hakuogopewa hivyo, ijapokuwa barua za namna hiyo mara nyingi huanza kwake.

Iko riwaya hutajwa ya kukataza jambo hili, na wajuzi wa hadithi wameihukumu kuwa ni ya uzushi. Iliyomo katika Sunan ya Abu Daud ni kinyume chake: Bibi Shifaa binti Abdullah alimfundisha kuandika Bibi Hafsa, mkewe Mtume (s.a.w.), na Mtume akamtaka amfundishe na dua ya uganga kama alivyomfundisha khati. Na ni kwa Hafsa huyo zilikowekwa kurasa za Kurani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar, hata Sayyidna Uthman akapeleka kuziazima ili zinakiliwe.

Sasa tutazame mji wetu wa Dar es Salaam. Bibi Titi binti Mohamed alizaliwa humu mwaka 1926. Alisoma chuoni na skuli miaka michache. Alipobaleghe akawekwa ndani kwa mila ya wakati ule, kisha akaozwa angali kijana. Mwaka 1955 ndiye aliyeshika uongozi wa wanawake wa TANU. Akili ile hakupewa na chama. Alikuwa nayo siku alipotolewa darasani.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ililazimisha watoto wote kusoma, na mabinti wamejaa madarasani. Lakini kauli ya wazee imebadili kanzu tu: hesabu si kazi ya wasichana, na jioni kaka hufungua daftari, dada hufua.

Nanyi wafanyabiashara wa Kariakoo mwaijua aya ya deni katika Sura ya Bakara, iliyo ndefu kuliko zote, iamrishayo deni liandikwe. Mwanamke auzaye vitenge sokoni hukopa na hukopesha kama nyinyi. Nani atamwandikia? Na mjane asiyejua kusoma huletewa karatasi na shemejiye, akatia dole gumba. Baadaye huambiwa kuwa fungu lake la nyumba amekwisha kuliuza.