MADA YA 7: JUMLA YA DEBITI ZA WIKI KATIKA AKAUNTI ZA BENKI ZA MIJI MBALIMBALI

Malengo ya somo

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini debiti ya benki si sawa na debiti ya daftari lako la fedha;
(b) kujumlisha debiti za wiki za akaunti zilizo katika miji tofauti;
(c) kutoa katika jumla hiyo fedha ambazo biashara haikuzilipa kwa mtu wa nje;
(d) kusuluhisha salio la daftari la fedha na salio la taarifa ya benki.

7.1 Utangulizi

Mfanyabiashara ana duka la kanga na vitambaa Darajani, mjini Zanzibar. Ana matawi Chake Chake, Tanga na Kariakoo, Dar es Salaam. Kila tawi lina akaunti yake ya benki. Jumamosi jioni analetewa taarifa nne za benki. Anajumlisha safu ya debiti ya kila moja, anapata shilingi milioni 14, anashika kichwa: "Wiki moja tu nimetumia milioni 14?"

Hakutumia milioni 14. Alitumia pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa, na mada hii itakuonesha ni kiasi gani. Mtahiniwa anayeishia kwenye jumla ya kwanza hupoteza alama. Mfanyabiashara anayeishia hapo huweza kusitisha ununuzi wa bidhaa wakati fedha anazo. Na akikosea kwa upande wa pili, akadhani anazo kumbe hana, ataandika hundi itakayorudi.

7.2 Debiti ya nani?

Kanuni ya uwili ni ya zamani. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, aliichapisha katika kitabu chake cha hisabati huko Venice mwaka 1494: kila muamala huandikwa mara mbili, debiti upande wa kushoto na krediti upande wa kulia. Akaunti ya mali huongezeka kwa debiti. Akaunti ya dhima, yaani deni unalodaiwa, huongezeka kwa krediti.

Sasa chukua shilingi 500,000 uziweke benki.

Katika daftari lako la fedha, fedha iliyoko benki ni mali yako. Mali imeongezeka, kwa hiyo unaandika debiti, safu ya benki.

Katika vitabu vya benki, fedha hiyo si mali ya mwenye benki. Ni yako, na benki inadaiwa na wewe. Dhima ya benki imeongezeka, kwa hiyo benki inaandika krediti katika akaunti yako.

Taarifa ya benki unayopewa kaunta au kwenye simu ni nakala ya vitabu vya *benki*, si vya kwako. Ndiyo maana pande zinapishana:

| Tukio | Daftari lako la fedha | Taarifa ya benki |
|---|---|---|
| Umeweka fedha | Debiti | Krediti |
| Umetoa fedha au umelipa kwa hundi | Krediti | Debiti |
| Benki imekata ada | Krediti | Debiti |
| Mteja amekulipa kupitia benki | Debiti | Krediti |

Kumbuka: Debiti katika taarifa ya benki ni fedha iliyotoka katika akaunti yako. Swali likisema "jumla ya debiti za taarifa ya benki", tafuta fedha zilizotoka. Likisema "jumla ya debiti za daftari la fedha, safu ya benki", tafuta fedha zilizoingia. Soma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu.

7.3 Kujumlisha debiti za miji

Kabla ya kujumlisha, hakikisha mambo matatu.

*Kwanza, sarafu ni moja.* Zanzibar, Chake Chake, Tanga na Dar es Salaam zote hutumia shilingi ya Tanzania, kwa hiyo jumla yake ina maana. Hali haikuwa hivyo siku zote. Hadi mwisho wa 1935 Zanzibar ilitumia rupia; mwaka 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia. Tangu hapo mfanyabiashara mwenye maduka Zanzibar, Tanga na Mombasa aliweza kuzijumlisha hesabu zake katika safu moja. Mwaka 1966 Tanzania na Kenya zilitoa kila moja shilingi yake. Leo akaunti ya Mombasa haijumlishwi na ya Tanga mpaka uibadilishe kwanza kwa kiwango kilichotolewa na swali.

*Pili, wiki ni moja.* Taarifa zote zianze na kuishia siku zilezile.

*Tatu, kipimo ni kimoja.* Usichanganye shilingi kamili na maelfu ya shilingi.

Mfano wa 1. Debiti zilizo katika taarifa za benki za duka letu kwa wiki moja ni hizi (maelfu ya shilingi):

| Mji | J'tatu | J'nne | J'tano | Alh. | Ijumaa | J'mosi | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Zanzibar | 850 | 2,650 | 400 | 1,200 | 300 | 600 | 6,000 |
| Chake Chake | 200 | 350 | 150 | 500 | 0 | 300 | 1,500 |
| Tanga | 300 | 0 | 700 | 450 | 250 | 100 | 1,800 |
| Dar es Salaam | 1,100 | 900 | 1,250 | 800 | 450 | 200 | 4,700 |
| Jumla | 2,450 | 3,900 | 2,500 | 2,950 | 1,000 | 1,200 | 14,000 |

Jumlisha kwa mlalo, kisha kwa wima. Majibu yote mawili yakutane kwenye 14,000. Yasipokutana, kuna kosa; litafute hapohapo kabla ya kuendelea. Ukaguzi huu unachukua dakika moja tu.

7.4 Kuchuja jumla

Maelezo yaliyo pembeni ya taarifa hizo yanasema:

1. Jumanne akaunti ya Zanzibar ilihamisha 2,000 kwenda akaunti ya Dar es Salaam. Tawi la Dar es Salaam likamlipa muuzaji wa jumla wa Kariakoo 1,200 Jumatano na 800 Alhamisi.
2. Alhamisi tawi la Chake Chake lilipeleka 500 katika akaunti ya Zanzibar.
3. Ijumaa benki ilikata 250 kimakosa katika akaunti ya Tanga, ikazirudisha Jumamosi.
4. Ijumaa hundi ya mteja ya 450, iliyokuwa imewekwa akaunti ya Dar es Salaam wiki iliyotangulia, ilirudi bila kulipwa.
5. Ijumaa mwenye duka alitoa 300 katika akaunti ya Zanzibar kwa matumizi ya nyumbani kwake.

Tazama kipengele cha 1 kwa makini. Shilingi milioni 2 zimetoka Zanzibar: debiti. Zimefika Dar es Salaam, zikatoka tena kwenda kwa muuzaji: debiti nyingine. Fedha ni zilezile, lakini katika jumla ya 14,000 zimehesabiwa mara mbili. Duka limelipa milioni 2, wala si milioni 4. Ni sawa na kutoa fedha mfuko wa kulia ukaweka mfuko wa kushoto, kisha ukalipia nauli ya daladala. Nauli umelipa mara moja.

Kipengele cha 2 ni cha namna hiyohiyo. Fedha ya Chake Chake imevuka kwenda Unguja, lakini haijatoka mikononi mwa duka.

Kipengele cha 3 ni kosa lililosahihishwa. Debiti ya Ijumaa imefutwa na krediti ya Jumamosi.

Kipengele cha 4 huwakwaza wengi. Hundi ilipowekwa, benki iliandika krediti. Iliporudi, benki ikaandika debiti ili kuifuta krediti ile. Duka halikumlipa mtu yeyote. Kilichotokea ni kwamba mteja amerudi kuwa mdaiwa wako. Katika vitabu vyako andika: debiti akaunti ya mdaiwa, krediti benki.

Kipengele cha 5 ni fedha iliyotoka kweli, ila haikutoka kwa ajili ya biashara. Huandikwa katika akaunti ya matumizi binafsi ya mwenye mali, na hupunguza mtaji.

Ukokotoaji (maelfu ya shilingi)

| | | |
|---|---|---|
| Jumla ya debiti za miji yote | | 14,000 |
| Toa: uhamisho baina ya akaunti za duka (2,000 + 500) | 2,500 | |
| Toa: kosa la benki lililosahihishwa | 250 | |
| Toa: hundi ya mteja iliyorudi | 450 | (3,200) |
| Fedha iliyotoka kwenda nje ya duka | | 10,800 |
| Toa: matumizi binafsi ya mwenye mali | | (300) |
| Malipo ya biashara kupitia benki | | 10,500 |

Kati ya 14,000 na 10,500 kuna tofauti ya 3,500. Hiyo ni robo kamili, yaani asilimia 25 ya jumla ya kwanza. Robo ya "matumizi" aliyoyaona mwenye duka haikuwa malipo ya biashara.

Tahadhari: Hata hiyo 10,500 si lazima yote iwe gharama katika hesabu ya faida na hasara. Zile 2,000 za muuzaji wa Kariakoo ni ununuzi wa bidhaa. Kama kanga bado ziko dukani mwisho wa kipindi, ni bidhaa zilizobaki. Jumla ya debiti inakueleza fedha imetoka wapi na lini. Faida haiwezi kukueleza.

7.5 Usuluhishi wa hesabu ya benki

Baada ya kujua kilichotoka, swali linalofuata ni: kimebaki kiasi gani?

Mfano wa 2. Jumamosi jioni daftari la fedha la Zanzibar, safu ya benki, lina salio la debiti la 3,240. Taarifa ya benki ina salio la krediti la 3,800. Uchunguzi umeonesha:
- hundi ya 700 aliyopewa fundi Jumamosi bado haijawasilishwa benki;
- fedha taslimu 100 zilizopelekwa benki Jumamosi bado hazijaingizwa;
- benki imekata ada ya 40 ambayo haimo katika daftari.

*Hatua ya kwanza: sahihisha daftari la fedha.* Andika yale ambayo benki inayajua na wewe ulikuwa huyajui.

3,240 − 40 = 3,200

*Hatua ya pili: anza na salio la benki.* Rekebisha yale unayoyajua wewe na benki bado haijayaandika.

3,800 − 700 + 100 = 3,200

Salio la kweli ni 3,200. Angalia hatari iliyopo: mwenye duka akisoma taarifa ya benki peke yake ataona 3,800. Akiandika hundi ya 3,500, na fundi akawahi benki Jumatatu asubuhi, hundi hiyo itarudi hata kama zile 100 zimeshaingizwa.

Angalia pia kwamba hundi ya fundi haimo katika debiti za wiki hii, ingawa imeandikwa wiki hii. Itaonekana wiki ijayo. Benki huandika siku fedha inapotoka. Wewe huandika siku unapotoa hundi.

7.6 Makosa yanayojirudia

1. Kuandika ada ya benki upande wa debiti wa daftari la fedha kwa sababu taarifa ya benki imeiita debiti.
2. Kuacha uhamisho wa fedha baina ya matawi ndani ya jumla ya malipo.
3. Kutoa uhamisho mara mbili: kwa akaunti iliyotuma na kwa iliyopokea. Iliyopokea imeandikwa krediti, kwa hiyo haimo katika jumla ya debiti. Toa mara moja tu.
4. Kuingiza hundi isiyowasilishwa katika daftari la fedha, ambako imeshaandikwa tangu siku ilipotolewa.
5. Kutoandika kipimo. "10,500" bila neno "maelfu" ni shilingi elfu kumi na mia tano, na si malipo ya duka.

7.7 Zoezi

Mnunuzi wa mwani ana akaunti tatu. Debiti za wiki katika taarifa za benki (maelfu ya shilingi): Mji Mkongwe 3,400, Mkokotoni 900, Makunduchi 700. Makunduchi ilihamisha 400 kwenda Mji Mkongwe. Mji Mkongwe ilihamisha 350 kwenda Mkokotoni. Hundi ya mteja ya 150, iliyowekwa wiki iliyopita, ilirudi. Mwenye biashara alitoa 100 kwa ada ya skuli ya mwanawe.

(a) Tafuta jumla ya debiti.
(b) Tafuta fedha iliyotoka kwenda nje ya biashara.
(c) Tafuta malipo ya biashara kupitia benki.
(d) Daftari la fedha la Mji Mkongwe lina salio la debiti la 1,950. Taarifa ya benki ina salio la krediti la 2,410. Hundi ya 520 haijawasilishwa na ada ya benki ya 60 haijaandikwa katika daftari. Tafuta salio sahihi.
(e) Kwa sentensi mbili, eleza kwa nini benki huita debiti fedha unayoitoa.

Majibu

(a) 3,400 + 900 + 700 = 5,000.
(b) 5,000 − (400 + 350) − 150 = 4,100.
(c) 4,100 − 100 = 4,000.
(d) Daftari: 1,950 − 60 = 1,890. Benki: 2,410 − 520 = 1,890. Salio sahihi ni 1,890, sawa na sh. 1,890,000.
(e) Fedha uliyoweka ni dhima ya benki kwako. Ukiitoa, dhima hiyo hupungua, na dhima hupungua kwa debiti.

Ukikosea (b) au (c), rudi 7.4. Ukikosea (d), rudi 7.5. Ukikosea (e), anza upya na 7.2, kwa sababu mengine yote yamejengwa juu yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe ongeza kwamba hata daftari likiwepo, lazima ujue ni daftari la nani unalolisoma.