KIOO CHA KUGUSA: KIDOLE KIMOJA, MASINI NZIMA



Zamani, ili masini ianze, ulivuta mukono wa chuma ao ulifinya butoni. Leo, katika viwanda vingi, kuko kioo chenye picha na rangi. Unagusa picha, na mukanda wa kubeba mawe unaanza kukimbia mbali na macho yako. Mutu asiyejua namna kioo kinavyosikia kidole anaweza kumuumiza mwenzake bila kusikia hata sauti yake. Basi tujifunze.

KILITOKA WAPI?

Mwaka 1965, huko Uingereza, E. A. Johnson aliandika juu ya kioo cha kugusa, akifikiri kazi ya kuongoza ndege. Katika miaka ya 1970, Bent Stumpe alitengeneza vioo vya namna hiyo kwa chumba cha uongozi cha CERN, karibu na muji wa Geneva. Kwa hiyo kioo hiki kiliingia kazini mbele ya kuingia katika mufuko wako. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, ndiyo ilikifanya kijulikane na watu wengi sana. Tena usisahau: ndani ya simu muna nyuzi za shaba, na betri za simu nyingi zina kobalti.

AINA TATU ZA KUJUA

1. Kapasitifu. Ni kioo cha simu nyingi za leo. Kiko na ngozi nyembamba sana, isiyoonekana, ya oksidi ya indiumu na bati, yenye kupitisha umeme. Mwili wa mutu nao unapitisha umeme, sababu uko na maji na chumvi. Kidole kikikaribia, umeme wa mahali pale unabadilika kidogo, hata wewe mwenyewe husikii kitu. Masini inapima mabadiliko hayo na kujua mahali pa kidole. Uzaifu wake: mifuko minene ya mikono inazuia kidole kusikiwa, na maji yanayotiririka yanaweza kusikiwa kama kidole.

2. Rezistifu. Hapa kuna ngozi mbili zinazopitisha umeme, na nafasi ndogo kati yao. Unafinya, ngozi ya juu inainama na kukutana na ya chini. Kioo hiki kinasikia hata mifuko ya mikono, hata kijiti. Lakini kinakwaruzika upesi. Tena kitu kizito kikiegemea juu yake kinakuwa kama kidole.

3. Infraruji. Mianga isiyoonekana inavuka juu ya kioo kutoka upande mumoja mpaka mwingine. Kidole kinakata mwanga, masini inajua mahali. Lakini matope, karatasi ao mududu vinaweza kuukata vilevile.

Uliza shefu wako: kioo cha masini yetu ni cha aina gani? Jibu lake litakuonyesha kosa gani kinaweza kufanya.

MANENO YA KAZI

Kugusa: kuweka kidole na kukiondoa mara moja.
Kushikilia: kuacha kidole mahali pale kwa muda. Masini nyingi zinaomba hivi kwa amri kubwa, ili kidole kilichopotea kisianzishe kitu.
Kuburuta: kusogeza kidole bila kukiondoa.
Kuthibitisha: kujibu ulizo la masini, «Ndiyo» ao «Hapana». Usijibu «Ndiyo» kwa mazoea. Soma kwanza.
Kufunga kioo: kukizuia kisipokee amri. Kioo kimefungwa, lakini masini haikufungwa!
Kusawazisha, ao kalibrasioni: kupatanisha mahali pa kidole na mahali pa picha. Ukigusa picha moja na ya jirani ikajibu, acha kukitumia na uite fundi.
Kuganda: picha inabaki, lakini namba hazibadiliki tena. Joto unalosoma linaweza kuwa la saa iliyopita.

FANYA HIVI

• Usivue mifuko ya mikono penye asidi ili kioo kikusikie. Kioo kinarekebishwa, ngozi iliyoungua na asidi inabaki na alama. Omba kioo kinachosikia mifuko hiyo, ao mifuko yenye ncha za kupitisha umeme.
• Mbele ya kupangusa kioo, kifunge. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, si jeti ya maji.
• Usigonge kioo na ufunguo ao bisibisi. Usiweke chombo juu yake.
• Ukikitilia mashaka, tazama kipimo kilicho kwenye masini yenyewe, ao piga simu kwa mwenzako aliye karibu nayo.
• Kioo kinaguswa na mikono ya watu wengi, na vumbi la kazi linabaki juu yake. Nawa mbele ya kula.

JAMBO KUBWA KUPITA YOTE

Kuandikwa «STOP» juu ya kioo si usalama. Fikiri mutu ameingia chini ya mukanda kutoa jiwe. Katika chumba cha uongozi, mwingine anaona tu picha ya mukanda uliosimama. Anagusa ili uanze. Hakuna mwenye nia mbaya hapa, lakini mutu anaweza kufa.

Kwa hiyo, mbele ya kuingiza mukono ao mwili ndani ya masini: kata umeme kwenye chanzo chake, weka kufuli yako na kibao chenye jina lako, bakia na ufunguo wako mwenyewe, kisha jaribu kuianzisha ili uone kama kweli imekufa. Na butoni nyekundu ya «ARRET D'URGENCE» inapaswa kubaki kitu cha kufinya kwa kiganja, hata kama kioo kimezimika. Jua mahali ilipo mbele ya kuanza kazi.

JIPIME

1. Kwa nini tone la maji linaweza kudanganya kioo cha kapasitifu?
2. Kufunga kioo na kufunga masini, tofauti ni gani?
3. Namba hazibadiliki tangu muda murefu. Utafanya nini?

Jadilianeni majibu na wenzenu mbele ya zamu ya kesho.

Kidole kinagusa kioo, lakini akili ndiyo inaongoza masini.