Jinsi ya Kuonyesha Umbali Katika Picha ya Nchi

Mtu asimamaye juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kando ya barabara itokayo Nairobi kwenda Naivasha, huona miti karibu naye, kisha mashamba, kisha uwanda mpana, na huko mbele Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776. Akitaka kuichora nchi hiyo, shida yake ni moja: karatasi ni bapa, lakini nchi yaenda mbali.

Wengi waanzao kuchora hukosea kwa sababu huchora wanayoyajua badala ya wanayoyaona. Wajua kwamba mlima ni mkubwa kuliko mti. Basi huupunguza mti wa karibu, na picha yao huwa kama nguo iliyoanikwa ukutani. Yafaa kuzishika kanuni hizi nne.

Kwanza, piga mstari hafifu wa upeo wa macho. Ardhi iliyo chini ya macho yako, kadiri iendavyo mbali, ndivyo ipandavyo katika karatasi kuukaribia mstari huo. Na kingo mbili za barabara husogeleana.

Pili, pima. Nyosha mkono, shika penseli wima, funga jicho moja, kisha pima kimo cha mti wa karibu kwa ukucha wa kidole gumba. Fanya vivyo hivyo kwa mlima. Huenda ukastaajabu kuona mti umeuzidi mlima. Ziamini penseli na macho yako.

Tatu, acha kitu cha mbele kifunike sehemu ya kitu cha nyuma. Mti ukilikata umbo la kilima, mtazamaji hujua mara moja kipi kilicho karibu.

Nne, kandamiza penseli kwa vitu vya karibu, na uilegeze kwa vya mbali. Majani na mawe yachore mbele tu. Hewa iliyo kati yetu na mlima hutawanya nuru, hasa ile ya buluu. Ndiyo sababu milima ya mbali huonekana hafifu na ya rangi ya samawati. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1519, aliwaandikia wachoraji habari za jambo hilo.

Umalizapo, mwonyeshe picha yako mtu ambaye hajafika huko, umwulize mlima u mbali kiasi gani. Akijibu kwamba ni safari ndefu kwa miguu, umefaulu.