Ushauri wa Macho Mtandaoni: Sheria Inaanza Wapi Kumlinda Mgonjwa?

Sheria za Kenya hazimkatazi mtu kuzungumza kuhusu macho. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ukiwemo uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, wala hakimdai mzungumzaji cheti. Kwa hiyo kijana wa Oyugis anayewaambia wafuasi wake wa TikTok kwamba maji ya kitunguu husafisha macho hajavunja sheria kwa kusema hivyo tu, hata kama anapotosha. Wapo wanaodhani kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ingetosha kumnyamazisha, lakini kifungu cha 23 cha sheria hiyo kilitungwa kumlenga anayechapisha habari huku akijua kwamba ni za uongo, zikiwa ni habari za kuzusha hofu, vurugu au ghasia miongoni mwa raia, au za kumchafulia mtu jina. Jicho lililopofuka halitajwi hapo. Ulinzi wa mwananchi wa kaunti za Migori na Homa Bay umo katika sheria nyingine, ambazo huanza kufanya kazi pale maneno yanapogeuka kuwa matibabu ya mtu mahsusi, au biashara, au matumizi ya picha ya mgonjwa.

Sababu ya kulishughulikia jicho kwa upekee ni kwamba madhara yake mara nyingi hayarekebishiki, na tena hujificha nyuma ya nafuu ya muda. Mkata miwa wa Awendo aliyekwaruzwa na jani hupata jeraha katika konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho ambao mwanga hupitia, na jeraha la namna hiyo linaweza kuingiwa na kuvu, vimelea vinavyoishi katika mimea na udongo. Akielekezwa na mshauri wa mtandaoni kununua matone yenye steroidi, ambayo ni dawa ya kupunguza uvimbe na wekundu, jicho huenda likaonekana limetulia, maumivu yakapungua, na mshauri akasifiwa. Kumbe steroidi imeudhoofisha ulinzi wa mwili mahali hapo, na kuvu inaendelea kuila konea bila kizuizi. Matone hayohayo yakitumiwa kwa wiki au miezi kadhaa, kama yanavyotumiwa kwa watoto wenye mzio wa macho unaorudi kila mara, yanaweza kuongeza shinikizo ndani ya jicho na kuleta glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, na uwezo wa kuona uliopotea kwa glakoma haurudi. Dawa ileile, mikononi mwa tabibu anayepima shinikizo la jicho na kumwita mgonjwa arudi kwa tarehe iliyopangwa, ni dawa nzuri sana.

Ushauri mwingine hudhuru kwa kuchelewesha. Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda katika lenzi ndani ya jicho, hauyeyushwi na asali, wala mimea, wala matone ya chupa yoyote. Tiba yake ni upasuaji, na anayeuza matone ya kuuondoa anauza muda wa mgonjwa. Mboni ya mtoto inayoonekana nyeupe katika picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi inaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho la watoto, na mzazi anayeambiwa angoje hadi mtoto akue anaweza kumpoteza mtoto mwenyewe.

Mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa mwaka 2024, uliosambaa Dar es Salaam na sehemu nyingine za Tanzania kisha ukaonekana pwani ya Kenya, ulidhihirisha jinsi ushauri huo unavyokwenda kasi kuliko ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulisababishwa na virusi, ambavyo kwa kawaida mwili huvishinda kwa siku chache pamoja na usafi wa mikono, na wizara ya afya ya Tanzania ililazimika kuwaonya wananchi waache kutia machoni dawa zisizoandikwa na daktari na vitu vya kubuni nyumbani. Hata matone ya kiwandani si salama kwa sababu tu yamefungwa vizuri: nchini Marekani mwaka 2023, matone ya kulainisha macho yaliyochafuliwa na bakteria yalihusishwa na vifo vya watu 4, na wengine 14 wakapoteza uwezo wa kuona. Ikiwa kiwanda kinaweza kukosea kiasi hicho, mchanganyiko wa jikoni hauna utetezi.

Mpaka wa kwanza wa kisheria ni matibabu. Mtu anapoacha kuzungumza na umma na kuanza kumwuliza mgonjwa mmoja dalili zake, kupokea picha ya jicho lake kwa WhatsApp na kumwandikia atie nini na mara ngapi, huyo amechukua jukumu la kutibu, na kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya kuwa mkosaji yeyote anayemtibu mtu aliyechukua jukumu la kumtibu, au anayetoa au kuuza dawa, kwa uzembe au papara inayohatarisha maisha au inayoelekea kumdhuru mtu. Kifungu hicho hakiulizi kwanza kama mshtakiwa alilipwa, wala hakimsamehe kwa sababu alikuwa na nia njema. Mbali na hilo, kujiita daktari bila kusajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya ni kosa, na matabibu, ambao wengi huwaita maafisa wa kliniki na ambao baadhi yao wamesomea macho, wana baraza lao chini ya sheria yao ya 2017. Mwananchi ana haki ya kumwuliza anayemshauri jina lake kamili na nambari yake ya usajili, kisha kulithibitisha jina hilo kwa baraza husika. Upungufu upo kwa wapima macho wa madukani wanaotengeneza miwani, kwa kuwa fani yao imekaa miaka mingi bila baraza lililoundwa kwa sheria, na hilo ni deni la Bunge kwa wananchi. Waganga wa yath nyaluo, yaani dawa za asili za Kiluo, nao hawakupigwa marufuku. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya asili, lakini kutambuliwa hakumpi mtu ruhusa ya kudhuru.

Mpaka wa pili ni biashara, na hapa sheria ina meno zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, haki ya kulindwa afya yake na haki ya fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inaeleza kwamba ni upotoshaji kudai kuwa bidhaa ina manufaa ambayo haina, au kwamba muuzaji ana idhini au hadhi ambayo hana, na mkataba uliofanyika kwa upotoshaji huo, hata wa mdomo, unaweza kuvunjwa na mnunuzi kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka 1. Aliyetuma shilingi kwa M-Pesa kwa ajili ya chupa ya kuondoa mtoto wa jicho anaweza basi kudai pesa zake zirudishwe bila kulazimika kwanza kuthibitisha kwamba jicho limeharibika. Dawa zenyewe zinasimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na sheria yake inakataza matangazo ya dawa yanayotia chumvi kupita kiasi. Malalamiko kuhusu matone yasiyosajiliwa yanayouzwa Isebania, Rongo au Mbita, iwe dukani au kwa simu, hupelekwa huko. Muuzaji aliyedanganya kwa makusudi ili apate fedha anaweza pia kushtakiwa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 3.

Kuhusu picha, habari za afya ya mtu ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na anayezichukua picha za macho ya wateja na kuzitumia kama matangazo ya kabla na baada bila idhini yao amejiweka hatarini. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Malalamiko yakipelekwa kwake yanatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90.

Haki hizi zote huanguka pale ushahidi unapokosekana, na ushahidi wa mtandaoni hupotea upesi: stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na matangazo ya moja kwa moja huenda yasibaki. Mgonjwa apige picha ya skrini inayoonyesha jina, nambari na tarehe, asifute mazungumzo hata akishikwa na aibu, ahifadhi ujumbe wa M-Pesa kwa sababu unataja jina la aliyepokea, aiweke chupa pamoja na kilichobaki ndani yake, na aombe hospitalini maandishi yanayoeleza jicho lilikutwa katika hali gani. Mahakama hupokea ushahidi wa kielektroniki, ila kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi nakala ilivyotolewa na kwa kifaa kipi. Kesi nyingi nzuri hukwama katika karatasi hiyo moja, na ndiyo sababu simu yenyewe haifai kuuzwa wala kubadilishwa kabla kesi haijaisha.

Hata hivyo, kumlaumu anayetafuta ushauri simuni ni kukwepa swali. Mvuvi wa kisiwa cha Mfangano hupanda boti kabla ya kupanda matatu, na anayehitaji upasuaji mgumu huenda akaelekezwa Kisumu au hospitali ya macho ya Sabatia katika kaunti ya Vihiga. Tena wengi waliokwisha kufika kituoni walirudi na chupa bila maelezo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na kifungu cha 14 kinampa mgonjwa haki ya kulalamika na malalamiko yake kuchunguzwa. Katika dharura, kama vile tindikali ya betri au kemikali ya machimboni Nyatike kuingia jichoni, jicho huoshwa mara moja kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mgonjwa hukimbizwa kituoni, ambako hawezi kukataliwa kwa kukosa pesa: Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura, na kituo chenye uwezo kinachokataa kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3.

Madai ya fidia yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo mahali ilipoanzishwa, na mengine katika mahakama za mahakimu, ambazo katika kaunti za Homa Bay na Migori zipo Homa Bay, Oyugis, Ndhiwa, Mbita, Migori, Rongo na Kehancha. Asiye na wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Madai ya madhara yaliyotokana na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu madhara yatokee, na ya mkataba ndani ya miaka 6. Anayesubiri kuona kama jicho litapona lenyewe aanze sasa kuihesabu miaka hiyo.