Mwenye Kazi na Mwenye Kiti

Jumuiya hudhoofika inapomtwika mtu kazi kisha ikamnyima kauli. Mfano ni Ella Baker wa Marekani. Katika miaka ya 1940 alizunguka miji ya kusini akiyajenga matawi ya chama cha kutetea haki za watu weusi. Mwaka 1958 alikwenda Atlanta kuisimamisha afisi ya jumuiya mpya ya Martin Luther King. Afisi ikasimama kwa mikono yake. Lakini viongozi, takriban wote wachungaji wanaume, hawakuzoea kupokea shauri la mwanamke. Akabaki msimamizi wa muda tu, hata kazi ikapewa mwanamume.

Hakuvunjika moyo. Aprili 1960 aliwakusanya wanafunzi mjini Raleigh, akawahimiza waunde chama chao wenyewe, ambamo kila mmoja atasikilizwa. Wakakiunda, nacho kikatia fora katika kupigania haki.

Basi tuzitazame kamati zetu. Ni nani achangishaye, apikaye na aandikaye barua? Je, siku ya kukata shauri huulizwa? Adaiye haki kwa mtawala, na aanze kuitoa nyumbani mwake.