Kipa Mwenye Kesi: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Shabiki wa Machakos

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, Machakos hailali. Kuanzia steji hadi vibanda vya chai karibu na Uwanja wa Kenyatta, kila mtu ni mkurugenzi wa ufundi. Na likitajwa jina la mchezaji mwenye doa, hasa kipa, kamukunji hugeuka vita: huyu anamwita mwizi wa mechi, yule anasema kaonewa, na hakuna hata mmoja aliyesoma karatasi. Masharti ni haya yafuatayo. Asiyeyapenda akashangilie ragbi.

Usianze na mkeka wako.
Kama ulibeti mechi ile na pesa zikaenda, huna sifa ya kuwa hakimu. Kaa pembeni, kunywa chai, wape wengine nafasi. Nusu ya tuhuma za kuuza mechi katika mji huu huanzia kwenye tiketi iliyochanika dakika ya 88. Straika akikosa goli tupu mara nne, anaambiwa hana bahati. Mpira ukimponyoka kipa mara moja, ameuza. Bao bovu ni bao bovu. Halijawa ushahidi mpaka mtu aonyeshe pesa, mawasiliano au mtiririko wa kamari usio wa kawaida.

Tenganisha tuhuma, kusimamishwa na hukumu.
Mambo haya ni matatu, na Wakenya tunayapika katika sufuria moja. Mfano tunao hapa nyumbani. Tarehe 17 Desemba 2017, katika Uwanja huohuo wa Kenyatta, Kenya na Zanzibar zilimaliza fainali ya Kombe la CECAFA zikiwa 2-2, muda wa nyongeza ukaisha, zikaenda penalti. Kipa wa Kenya, Patrick Matasi, akaokoa tatu, Kenya ikashinda 3-2, na watu wakamtaka awe mbunge. Julai 2019, huko Cairo, aliokoa penalti ya Sadio Mané kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, ingawa Senegal ilishinda 3-0. Kisha Machi 2025, akiwa Kakamega Homeboyz, ikasambaa video iliyodaiwa kumwonyesha akizungumzia upangaji wa matokeo, na Shirikisho la Soka Kenya likamsimamisha kwa siku 90 uchunguzi uendelee.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho polepole. Imedaiwa. Amesimamishwa. Uchunguzi. Kusimamishwa kwa muda ni mlango kufungwa ili wachunguzi wafanye kazi, si hukumu. Ilikuwa hivyo kwake, na itakuwa hivyo kwa kipa yeyote atakayefuata. Jioni ileile video ilipotoka, watu walioimba jina lake hapa Machakos walikuwa wameshamfunga maisha.

Wala usimsamehe kwa sababu aliwahi kukufurahisha.
Hili ndilo kosa la upande wa pili, na wenye kulifanya hujiona waungwana. Penalti tatu za 2017 hazimwondolei mtu tuhuma ya 2025, kama vile tuhuma ya 2025 haifuti penalti hizo. Hoja ya "lakini alitupa kombe" haina kazi katika kikao cha usajili. Iache kwa wazee wanaosimulia.

Soma hukumu pale ilipo.
Kuna kesi zenye karatasi, tena za hapahapa nchini. Februari 2020 FIFA ilimfungia beki wa zamani wa Harambee Stars, George Owino Audi, miaka 10. Wachezaji wengine watatu waliopita Kakamega Homeboyz walifungiwa miaka minne kila mmoja, na Mganda aliyehusishwa na njama hiyo akafungiwa maisha. Mwaka uliofuata Zoo FC ya Kericho ilitolewa kwenye ligi kuu kwa upangaji wa matokeo. Hapo sema kwa sauti. Kuna jina, kuna kosa, kuna miaka. Anayetaka kufananisha kesi hizo na uvumi wa WhatsApp anawasaidia wezi wa kweli kujificha ndani ya vumbi.

Usisambaze video. Hata ukiiamini. Wapelekee shirikisho, kisha nyamaza.

Usitaje kabila.
Baba yake anatoka wapi, jina lake la ukoo linaanza na herufi gani, anaongea Kiswahili cha wapi: hayo hayahusu usajili. Machakos imepokea timu za kila kona. Sofapaka, ambayo mizizi yake iko Nairobi na mwenyekiti wake ana asili ya Kongo, iliufanya uwanja huu nyumbani kwa misimu kadhaa, na hakuna aliyeulizwa anakula muthokoi au ugali.

Aliyemaliza adhabu, mhesabu kuwa amemaliza.
Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hasira hushinda akili. Mwaka 1980 Paolo Rossi wa Italia alifungiwa miaka mitatu katika kashfa ya kamari, ikapunguzwa hadi miwili, na yeye akashikilia siku zote kuwa hakuhusika. Juventus walimnunua mwaka 1981 akiwa bado ndani ya kifungo. Alirudi uwanjani Mei 1982; wiki chache baadaye alifunga mabao sita katika Kombe la Dunia, matatu kati yake dhidi ya Brazil, Italia ikatwaa kombe, na Ballon d'Or ya mwaka huo ikawa yake. Sandro Tonali alisajiliwa na Newcastle Julai 2023, akafungiwa miezi 10 Oktoba hiyohiyo kwa kubeti, akakiri, akatumikia, akarudi Agosti 2024. Machi 2025 alikuwa kiungo wa timu iliyoshinda Kombe la Ligi pale Wembley.

Lakini sikiliza vizuri kabla hujapiga makofi. Juventus na Newcastle zilikuwa na pesa za kumlipa mtu anayekaa nje. Klabu zetu zinakopa nauli ya kwenda Kisumu. Kwa hiyo mchezaji ambaye kesi yake bado iko mezani asisajiliwe, hata akiwa na mikono ya dhahabu, kwa sababu akifungiwa katikati ya msimu ni wewe utakayechangishwa kumlipa. Aliyemaliza kifungo apewe mkataba mfupi, wa msimu mmoja, na mashabiki wamwache acheze.

Na aliyefutiwa mashtaka? Lucas Paquetá, akiwa West Ham, alishtakiwa Mei 2024 kwa kutafuta kadi za njano makusudi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, safari yake ya Manchester City ilikwama habari za uchunguzi zilipotoka. Julai 2025 mashtaka hayo ya kadi yakaanguka. Mjini hapa kuna watu walioapa, wakiwa na jezi ya City mgongoni, kwamba jamaa hatacheza tena. Sijaona hata mmoja aliyerudi kuomba radhi.

Usijifanye mtakatifu wa jezi.
Majirani zetu Tanzania walitupa somo la bure. Bernard Morrison aliondoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 kwa mzozo wa mkataba uliofika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mahakama ikampa haki mchezaji. Mashabiki wa Yanga walimtukana miaka miwili. Mwaka 2022 akarudi Yanga. Waliomwita msaliti wakamwimbia. Basi ukitaka kupinga usajili kwa maadili, hakikisha ni maadili, isiwe rangi ya jezi, maana rangi hubadilika kabla ya mwezi kuandama.

Uliza klabu inalipa lini.
Swali hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa. Tunabishana usiku kucha kama kipa ni mwaminifu, wala hatuulizi kama aliyemwajiri ni mwaminifu. Ligi yetu imezoea mshahara wa miezi mitatu nyuma. SportPesa ilipojiondoa mwaka 2019 kwa mvutano wa kodi na serikali, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki zikihangaika, na zote mbili zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa madeni ya watu zilizowaajiri. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba baada ya kutoa notisi ya siku 15. Wangapi kwenye ligi yetu wanalijua hilo?

Mchezaji mwenye deni la kodi ya nyumba ya miezi miwili na simu inayoita kutoka namba ngeni hahitaji kuwa mtu mbaya ili ashawishike. Simtetei. Anayeuza mechi ni mwizi, anawaibia hata wenzake kumi uwanjani, na kanuni zinamtaka mchezaji yeyote aliyefuatwa aripoti mara moja, akinyamaza tu tayari ana kosa. Ila katibu wa klabu anayemlaza kipa njaa kisha anashangaa kipa ameshikwa, huyo naye ajadiliwe kwenye kamukunji, tena kwanza.

Dai vipengele vya mkataba.
Usiridhike na picha ya mchezaji ameshika jezi. Klabu iseme: akisimamishwa, mshahara unafanyaje? Akikutwa na hatia, mkataba unavunjika siku gani? Akifuatwa na wapangaji, anampigia nani, na huyo mtu yuko klabuni au ni jina tu kwenye karatasi? Mwenye klabu asiyeweza kujibu matatu hayo hastahili kipa mwenye kesi, wala asiye na kesi.

Usiende kwake. Mke wake, watoto wake, duka la dada yake: mwiko. Shabiki anayefuata familia ya mchezaji aripotiwe polisi na afungiwe mlango wa uwanja.

Nenda mkutanoni.
Mkutano ujao wa mashabiki, kabla jina la kipa yeyote halijatajwa, inua mkono, simama, uulize mishahara ya mwezi uliopita ililipwa tarehe ngapi. Ukijibiwa kwa porojo, usitoe hata shilingi ya usajili.