SOMO: Chigongi, Pumzi na Haki ya Mfanyakazi Mgonjwa



Katika mashamba na viwanda vyetu wako wenzetu wengi ambao hawajalazwa hospitali, lakini si wazima. Huyu tumbo linamwunguza kila akichelewa kula. Yule usingizi umemkimbia tangu alipoanza zamu ya usiku. Kila asubuhi wanaitika majina, na kila mwezi nguvu zinapungua. Somo hili linahusu njia moja ambayo wenzetu wa China waliitumia kuwatibu watu wa namna hiyo. Tutaitazama kama wanachama wa chama cha wafanyakazi wanavyopaswa kutazama jambo lolote: inafanya nini, na nani anayelipia?

Kwa Kichina njia hiyo huandikwa qigong. Sisi tutaandika chigongi. "Chi" ni pumzi, au ile nguvu ya uhai ambayo Wachina husema inapita mwilini pamoja na pumzi. "Gong" ni juhudi, au ustadi unaopatikana kwa kurudia jambo siku nyingi. Ni mazoezi ya kupumua polepole, kutuliza mawazo, na pengine kunyosha viungo. Yenyewe ni ya kale sana, na kwa muda mrefu yalifundishwa kwa siri, mwalimu kwa mwanafunzi wake. Lakini kuitumia chigongi kama tiba ya watu wengi, katika majengo ya serikali, ni jambo lililoanza karibuni tu, na lilianza na mtu mmoja mgonjwa.

Liu Guizhen alikuwa mtumishi wa chama cha Kikomunisti katika jimbo la Hebei wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa na vidonda vya tumbo, halali usiku, na amekonda vibaya. Mwaka 1947 alirudishwa kijijini kwao. Huko mzee mmoja, Liu Duzhou, alimfundisha mazoezi ya kupumua aliyoyarithi. Liu aliyafanya kwa siku 102, akapata nafuu, akarudi kazini. Wakubwa wake wakamwagiza ayachunguze mazoezi hayo na kuyaondolea mambo ya ushirikina, na mwaka 1949 wakachagua jina la chigongi.

Miaka ya 1950 kazi hiyo ikafanyika Tangshan, mji wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma, katika nyumba ya wafanyakazi ya kupumzikia na kutibiwa. Mwaka 1956 kikafunguliwa kituo cha chigongi huko Beidaihe, pwani, na mwaka uliofuata Liu akatoa kitabu chake. Waliopokewa ni watu wenye vidonda vya tumbo, kukosa usingizi na magonjwa mengine ya muda mrefu.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Mgonjwa wa Tangshan hakuambiwa avute pumzi huku mashine inazunguka. Alikaa kituoni. Alilala kwa wakati, alikula kwa wakati, alifanya mazoezi kila siku chini ya mwalimu, na alikuwa mbali na vumbi na msimamizi. Yote hayo yalikuwa na gharama. Kwa sheria ya bima ya wafanyakazi ya mwaka 1951, kila kiwanda chenye watu 100 au zaidi kilitakiwa kutoa asilimia 3 ya jumla ya mishahara kwa ajili ya mfuko wa bima, na mfanyakazi hakukatwa hata senti. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyousimamia mfuko huo. Mgonjwa aliendelea kupata sehemu ya mshahara wake. Basi mtu akisema kwamba pumzi ndiyo iliyowaponya, tumwulize: na je, kulala, kula, na kutokuwa na hofu ya kufukuzwa, havikufanya kitu?

Mazoezi yenyewe ni mepesi, na hayahitaji pesa. Kaa juu ya kigoda au sanduku, mgongo wima, nyayo zote mbili chini, mikono juu ya mapaja. Mgonjwa dhaifu hulala kwa ubavu. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, tumbo lifutuke. Kisha iachie polepole. Usiishindilie. Wagonjwa wa Liu walitamka moyoni maneno ya Kichina, matatu mwanzoni, yakiongezwa kidogo kidogo hadi tisa, yenye maana kwamba nikikaa kimya mwili wangu unaweza kuwa na afya. Maneno hayo hayana uganga. Kazi yake ni kuyafunga mawazo yasitangetange kwenye deni la duka. Dakika kumi zatosha kwa anayeanza. Usifanye mara tu baada ya kula, wala mahali penye vumbi.

Kwa nini yanasaidia? Mtu aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipunguza hadi kama mara sita, moyo hutulia na misuli hulegea. Uchunguzi wa miaka ya karibuni unaonyesha nafuu kiasi katika usingizi, shinikizo la damu na wasiwasi, ingawa mwingi ulifanywa kwa watu wachache na kwa uangalifu mdogo. Nafuu kiasi si kitu cha kudharau kwa mtu asiyelala.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kinachoishi ndani ya tumbo. Ikaja kujulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na kijidudu hicho, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Leo hospitali hupima, hutoa dawa kwa siku 10 hadi 14, na wengi hupona kabisa. Vidonda vya tumbo pia vina desturi ya kufunga vyenyewe kwa muda, halafu vikarudi. Kwa hiyo mwenye kidonda aende hospitali, na pumzi zake aende nazo. Anayetapika damu au kupata choo cheusi asingoje hata siku moja.

Vivyo hivyo kwa vumbi. Mfanyakazi wa pamba anayebanwa kifua kila Jumatatu anaporudi kazini ana ugonjwa wa vumbi la pamba. Hakuna namna ya kupumua itakayoliondoa vumbi hilo hewani. Linaondolewa na mashine za kulivuta, na mashine hizo hununuliwa na mwenye kiwanda.

Katika China yenyewe mambo yalikwenda upogo. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni kituo cha Beidaihe kilifungwa na Liu akapelekwa kulima. Chigongi iliporuhusiwa tena, miaka ya 1980 wakatokea walimu waliojaza viwanja vya michezo wakidai kuponya watu kutoka mbali, na wagonjwa wengine wakaacha dawa. Wako pia waliochanganyikiwa akili kwa kuzidisha mazoezi. Mtu mwenye maradhi ya akili asijaribu bila kumwuliza daktari.

Maswali ya kuzungumza tawini: Mwenzetu akiugua miezi mitatu katika shamba letu, mkataba unampa nini? Zahanati yetu inaweza kupima kijidudu cha tumbo, na kama haiwezi, nani analipa nauli ya kwenda penye kipimo? Na mwajiri akileta mwalimu wa mazoezi ya pumzi huku akikataa kuleta mashine ya kuvuta vumbi, tawi litamjibu nini?